Nimeingia Hema la Kukutania pale Timna

Jamani ukifika Eilat, kusini mwa Israeli, panda mpaka Timna Park, kama kilomita 30 hivi kaskazini, wana mfano wa lile hema la ibada la Musa kule jangwani, saizi yake kamili, ua dhiraa 100 kwa 50 (dhiraa moja ni kama nusu mita). Dhahabu usitegemee, vifaa ni vya kawaida ila vipimo ndo vyenyewe. Ndani kuna kinara cha taa saba, meza ya mikate, sanduku la agano, na sanamu ya kuhani mkuu na vile vito 12 kifuani. Mimi kilichoniganda kichwani ni habari ya michango ya kulijenga hema lenyewe kwenye Biblia, kila mwanaume wa miaka 20 kwenda juu nusu shekeli (kipimo cha zamani cha uzito wa fedha), tajiri asizidishe maskini asipunguze, na fedha hiyohiyo ikayeyushwa ikawa vitako vya kusimamishia zile mbao unazoziona pale, wamama nao wakasokota singa, yaani manyoya ya mbuzi, watu wakaleta wakaleta mpaka mafundi wakamfata Musa kwamba vimezidi, ikabidi itangazwe kambini basi inatosha. We kamati gani ya ujenzi kwetu imewahi kusema hivyo?? Jua sasa, nilienda na ndala nikaungua vidole, beba maji na kofia. Nyota nne, moja nimelinyima jua