Meza ya usukani: kifaa kizuri, ila si cha kwanza kununua

Anayetaka kufanyia kazi ndani ya gari huanza kwa kununua ile meza ya kuning'iniza kwenye usukani. Kwa joto la Mombasa, hiyo ingekuwa ya mwisho kwenye orodha. Si mbaya. Ile ya kawaida ina sentimita 42 kwa 28 hivi: upande mmoja ni bapa kwa ajili ya laptopu, wa pili una kishimo cha kikombe na mfereji wa kalamu, na kulabu zake hushika ukingo wa chini wa usukani. Laptopu ya inchi 14 hukaa vizuri na kubakisha nafasi ya kipanya kidogo. Ya inchi 15.6 huimaliza karibu meza yote.

Dukani, igeuze uone imetengenezwa kwa nini. Zile za unga wa mbao ulioshindiliwa na kufunikwa kwa karatasi ya plastiki hazifai Pwani, kwa sababu unyevu huingia pale ubao ulipokatwa kulabu, ukavimba, na meza ikaanza kuyumba. Chukua ya plastiki ngumu. Ndani ya kulabu bandika vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli kwa gundi ya pancha, ili isichubue usukani wala isiteleze unapoandika. Shida isiyo na dawa ni honi: ukiegemeza mikono yote miwili, meza husukuma katikati ya usukani. Na iondoke kabla ya kuwasha gari, kila mara, maana ipo mbele ya mfuko wa hewa. Tunaipa alama 3 kwa 5: kwa barua pepe za nusu saa inatosha, kwa kazi ya asubuhi nzima haitoshi.

Kiti kinachofaa kwa kazi ndefu ni cha abiria wa mbele, kushoto. Kirudishe nyuma kabisa na ulaze kiegemeo kidogo tu, kisha viringisha leso (kanga) uiweke nyuma ya kiuno. Mapajani weka mto mgumu, juu yake ubao mwembamba, ndipo laptopu. Usiiweke moja kwa moja juu ya mto, kwa kuwa utaziba matundu ya hewa na feni italalamika ndani ya dakika chache. Wenye Probox watazame katikati ya dashibodi: gari hilo liliundwa kwa wafanyakazi wa kampuni wanaoshinda barabarani, na mengi yana kimeza cha kuvuta kinachobeba laptopu ndogo bila shida. Wengi hulimiliki miaka bila kukivuta hata siku moja.

Sasa jua, na hapa ndipo pesa iende. Kati ya Januari na Machi, kivulini huwa nyuzi 32 au 33, na gari lililofungwa juani hupita 50 kabla ya saa moja kwisha. Pazia la kung'aa la kioo cha mbele linastahili 5 kwa 5, mradi liwe la saizi ya gari lako. Likiacha mwanya wa vidole viwili pembeni, dashibodi itapikika kupitia hapo. Vioo vya pembeni vinataka soksi za wavu zinazovishwa mlango mzima kwa nje: jua huzuiwa kabla ya kufika kwenye kioo, unashusha kioo nusu, hewa inapita, na jioni mbu hawaingii. Leso iliyobanwa kwa ndani huleta kivuli, lakini joto limeshaingia.

Mchana wa alasiri geuza nyuma ya gari magharibi, ili kile kioo kikubwa cha mbele kipumzike. Kisha ziba kioo cha nyuma pia, la sivyo jua litapiga moja kwa moja kwenye skrini na hutasoma neno. Kivuli cha mkungu au mwarobaini ni kizuri kuliko kifaa chochote cha dukani. Chini ya mnazi usiegeshe hata kama hakuna kivuli kingine. Nazi moja ikidondoka, kioo hakina chake. Ufukweni Mama Ngina kuna upepo wa bahari, lakini una chumvi: funga vioo ukiondoka na upanguse ncha za chaja.

Kwenye umeme ndiko watu huharibu vitu. Tundu la kuwashia sigara hulindwa na fyuzi ya ampea 10 au 15, yaani wati 120 hadi 180 tu. Inverta, yaani kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, iliyoandikwa wati 300 ukiichomeka hapo haiwi ya wati 300, itakata fyuzi. Zile za bei rahisi hutoa umeme wenye mawimbi ya ngazi ngazi: chaja huvuma na kuchemka, na kishale cha skrini huanza kurukaruka. Ikiwa laptopu yako huchaji kwa USB-C, achana na inverta. Chaja ya gari ya USB-C ya wati 65 au 100 haipandishi umeme hadi volti 240 ili laptopu iushushe tena, kwa hiyo hupoteza kidogo na haina feni. Hiyo ni 5 kwa 5.

Piga hesabu. Laptopu wati 30, feni ndogo 6, simu 8. Ukiongeza kinachopotea ni kama 50, sawa na ampea 4. Betri ya ampea-saa 40 ikiwa mpya, saa nne zitakula 16. Kwenye betri ya miaka mitatu iliyopikwa na joto letu, usizidi saa mbili. Nunua kipima volti cha kuchomeka: 12.6 betri imejaa, 12.2 imebaki nusu, na hapo ndipo pa kukomea. Usingoje king'ora cha inverta. Nyingi hulia betri ikikaribia 11, na wakati huo gari haliwaki tena, utaanza kutafuta mwenye jampa, zile nyaya za kuazima umeme wa betri nyingine.

Kuwasha injini kwa ajili ya kiyoyozi kunakubalika mahali pa wazi tu. Kwenye maegesho ya chini ya jengo usithubutu, kwani moshi una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, na huua.

Simu inayogawa intaneti isikae kwenye dashibodi. Ikipata joto hupunguza kasi, kisha hugoma kuchaji. Ibane kwenye tundu la hewa, kivulini, karibu na kioo kisicho na tinti ya metali, maana hiyo huzuia mtandao. Pawabanki usiiache garini ukishuka kwenda kula.

Ukimaliza, usitegemee kwamba safari ya kutoka mjini kuvuka daraja la Nyali itarudisha ulichotumia. Kwenye foleni injini huzunguka polepole, na ampea-saa 16 hutaka mwendo wa zaidi ya saa moja. Mara moja kwa wiki iunganishe betri na chaja ya ukutani usiku kucha.