Gitaa la mjomba: Yamaha FG-180 mikononi mwa mwanafunzi mtu mzima

Arobaini ya mjomba ilipopita, mkaza mjomba aliniita Muheza akanitolea kitu kirefu kilichofungwa kanga mbili. "Alisema uchukue wewe, hawa wengine watalifanya kuni." Nina miaka 41, ni fundi cherehani Ngamiani, Tanga, na gitaa nilikuwa nalijua kwa kulifuta vumbi tu. Sasa nina mwezi wa tano nalo, nadhani naweza kulisema bila huruma za msiba.

Nilimulika tochi ya simu ndani ya tundu nikakuta lebo nyekundu: Nippon Gakki, FG-180. Nippon Gakki ndilo jina la zamani la kampuni ya Yamaha, ya mji wa Hamamatsu kule Japani. Haya ya FG yalianza kutoka mwaka 1966, na yenye lebo nyekundu yaliishia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo ni kubwa kwangu kiumri, nalipa shikamoo yake. Mjomba alisema alilinunua kwa baharia pale bandarini, enzi zile Tanga inatamba na bendi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Yeye hakufika huko. Alipiga rithim, gitaa la kusindikiza, kwenye bendi ya shamba la mkonge. Bendini alishika la umeme. Hili kavu lilikuwa la barazani, la jioni. Nilipolitikisa kikaanguka kipande cha plastiki kilichokatwa pembe tatu, kimelika ncha moja. Ndicho alichokuwa akipigia.

Wajuzi wa magitaa huyadharau haya kwa sababu uso wake si ubao mmoja, ni tabaka zilizogundishwa, kama plaiwudi. Wao wanasema mbao nzima huimba vizuri zaidi, na sibishani nao. Lakini sisi tunaishi na joto la pwani na unyevu wa bahari, na ubao mzima hapa hupinda na kupasuka upesi. Hili limelala juu ya kabati miaka mingapi sijui, mende wamezaliana humo, na halina ufa hata mmoja.

Sasa ubaya wake. Wiki tatu za mwanzo nililia, na si kwa ajili ya marehemu. Fundi cherehani ana sugu, ndiyo, lakini sugu zangu ziko mkono wa kulia, na nyuzi hukandamizwa kwa mkono wa kushoto ambao kwangu ni laini kama wa mtoto. Dukani nilikuwa nimeuziwa nyuzi nene kwa maelezo kwamba gitaa kubwa linataka nyuzi nene. Nikaamini. Kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, nilianza na ya E maina, ambayo ni vidole viwili tu, ikanichukua siku nne. Kodi ya F, ile ya kulaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita, nikaona afadhali kodi ya pango.

Nilikuwa nimeshaamua kwamba mimi ndiye mzito. Kisha siku moja nikachukua rula yangu ya chuma nikapima nafasi kati ya uzi mnene na freti ya 12, freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo. Milimita nne na nusu! Fundi wa magitaa aliponiambia inayofaa ni kama mbili na nusu, nilikaa chini. Nyuzi zimevuta shingo kwa miaka hamsini na zaidi, nayo imeinama kidogo kuelekea mbele. Basi nilikuwa najifunza baiskeli kwenye kilima.

Fundi alipunguza ule mfupa wa kwenye daraja, yaani kibao kinachoshikilia nyuzi usoni mwa gitaa, akachimba kidogo mifereji ya mfupa wa juu, ule wa mwisho wa shingo, akaweka nyuzi nyembamba, seti ambayo uzi wake wa kwanza una unene wa inchi 0.011. Ufundi shilingi 40,000, nyuzi 25,000. Nikashusha pia sauti ya nyuzi zote nusu hatua ili zilegee, nikitaka sauti ya kawaida nabana kapo, kibanio cha nyuzi zote, freti ya kwanza. Jioni hiyohiyo nikapiga kodi za G, C na D mfululizo bila kusimama, mwanangu akatoka chumbani kuangalia redio gani imewashwa.

Kwa hiyo, linamfaa anayeanza? La kurithi, ndiyo, mradi utenge pesa ya fundi kabla ya kujilaumu. Sauti yake ni nene, inajaa chumba, na halikasiriki ukikosea. Ila kifua chake ni kipana; mkono wangu wa kulia ulikuwa unakufa ganzi hadi nilipohamia kwenye stuli fupi ya cherehani. Mtoto wa miaka tisa mtafutie dogo, tena la nyuzi za nailoni, vidole vyake vitakushukuru. La kununua kwa mtu, pole pole. Beba rula ndefu iliyonyooka, ilaze juu ya freti kuelekea kwenye daraja. Ikigusa juu ya ubao wa daraja, vizuri. Ikijikita chini yake, shingo imeinama, na ukikuta mfupa nao umeshasagwa hadi karibu uishe, hapo dawa ni kung'oa shingo na kuirudishia upya. Usikubali bei ya "la kale" kwa gitaa la namna hiyo.

Langu bado linatoa mlio wa kukwaruza kwenye freti ya pili, uzi wa tatu. Vidole vya mjomba vimechimba vifereji pale, unaviona kabisa ukiinamisha kwenye mwanga. Fundi anataka kubadilisha freti tatu za mwanzo. Nimemwambia tuonane baada ya Idi, nina magauni kumi na moja ya watu mezani, na kwa kweli sina haraka ya kuvifuta vile vifereji.