Cormorant Garamond ya mlazo, na duka lililotuharibia kadi za harusi

Fonti, yaani muundo wa herufi, naipa nyota tano. Duka halipati hata moja.

Nilikuwa natafuta maandishi ya kadi za harusi ya mdogo wangu, na nilipoyaandika majina ya maharusi kwa Cormorant Garamond ya mlazo, yaani herufi za kulala (italiki), makubwa, katikati ya ukurasa mtupu, sikutafuta tena. Christian Thalmann aliyeichora alianzia kwenye kazi ya Claude Garamont, mchonga herufi wa Paris wa karne ya 16, kisha akauzidisha wembamba wake. Ukiikuza ndipo inapopendeza: mistari imekonda, ncha zimechongoka, na jina la mtu linaonekana limeandikwa kwa heshima yake.

Nawaomba muelewe jambo moja, maana kisa chote kiko hapa. Mlazo wa kweli si herufi ya wima iliyosukumwa kando. Francesco Griffo aliuchonga kule Venice kwa ajili ya mchapaji Aldus Manutius, na mwaka 1501 Aldus akachapa mashairi ya Virgil, mshairi wa Roma ya kale, kwa herufi hizo. Kiolezo chao kilikuwa mwandiko wa mkono. Ndiyo maana a ya mlazo haina kile kipinde cha juu, ni tumbo na kijimkia basi, na f inateremka chini ya mstari. Sasa andika "familia zetu zina furaha kuwaalika" uhesabu: a nane, f mbili. Kiswahili kimejaa a. Ukiziharibu hizo, umeiharibu kadi nzima.

Duka lenyewe liko katikati ya mji. Niliwapelekea PDF iliyokamilika, fonti zote zimo ndani. Kijana wa kompyuta akataka faili la kuhaririwa ili apange kadi kadhaa kwenye karatasi moja. Nikampa, na faili za fonti juu yake. Yeye akasakinisha ile ya wima peke yake, akabofya kitufe cha mlazo, na programu ikafanya kile inachofanya ikiukosa mlazo wa kweli: ikainamisha ya wima. Ni sawa na kuisukuma nguzo ya stima mpaka iiname, kisha ukasema huo ni mnazi.

Nilipokwenda kuzichukua, kadi zilikuwa zimeshakatwa na kufungwa utepe. A zote zina vipinde. F zote zimekomea kwenye mstari.

"Kaka, hii siyo fonti niliyokupa."

"Si umetaka ilale, dada? Imelala."

Nikamwonyesha kwenye simu, a hii na a ile. Hata kichwa hakuinua. "Wageni wanakuja kula biriani. Nani atakuja kuangalia a?"

Wallahi maneno hayo yamenikaa kifuani mpaka leo. Hapa Mombasa! Mji wenye milango ya nakshi kule Mji wa Kale, ambayo fundi hakuacha hata upindo mmoja bila kuufikiria. Mji ambao mwanamke anaingia Biashara Street, anaipenda leso kwa rangi na pindo, halafu anairudisha kwa sababu ya jina lililoandikwa. Watu wa namna hiyo ndio unaoniambia hawaangalii maandishi? Mama yangu hajui fonti ni nini. Aliishika kadi, akaitazama, akauliza, "Mwanangu, mbona maneno yanaanguka?"

Mwenye duka naye, nilipompigia, akadai fonti hiyo ni ya kulipia na waliogopa kushtakiwa. Si kweli. Cormorant iko chini ya SIL Open Font License, leseni ya fonti huria. Mtu yeyote anaipakua bure na anachapia kazi ya biashara.

Kwa haki, fonti nayo naipunguzia nyota moja. Haifai kwa maneno madogo. Imechorwa kwa ajili ya ukubwa, na kwenye karatasi yenye vinyweleo ile mistari iliyokonda inapotea kabisa. Saa na ukumbi nilikuwa nimeviweka kwa EB Garamond ya Georg Duffner, ambayo mlazo wake unafuata herufi za mchongaji Robert Granjon kutoka karatasi ya sampuli za herufi ya mwaka 1592. Hiyo inasomeka hata ikiwa ndogo. Hiyo pia waliiinamisha.

Lakini hapana, nyota yake nairudisha. Nilipeleka PDF ileile kwa mzee mmoja mwenye mashine ndogo huko Majengo, akaichapa jinsi ilivyo bila kuigusa. Ilitoka kadi ambayo mdogo wangu aliing'ang'ania akakataa kumpa mtu. Fonti haikuwa na kosa lolote. Tatizo ni kwamba mzee hana mashine ya kukata, na siku zilikuwa zimekwisha.

Baadaye mume wa shangazi alikwenda dukani, na ndipo waliporudisha nusu ya pesa. Kwa hilo nilitaka kuwapa nusu nyota, kwa sababu pesa ni pesa na wengine hapa mjini hawarudishi hata senti. Ila yule kijana hajasema samahani mpaka sasa, na kadi zenye vipinde ilibidi zigawiwe hivyohivyo, Kibokoni mpaka Likoni, jina la mdogo wangu likiwa limeegemea upande. Nusu hiyo nimeiondoa.