Kaunta buku ya kwaya 3: daftari la anayeandika kila siku

Maduka ya vifaa vya ofisi siku hizi yamejaa madaftari ya jalada la ngozi, yenye utepe wa kuwekea alama na karatasi nene ya rangi ya maziwa. Ni mazuri, na waandishi wengi huanza nayo. Ubaya wake ni kwamba yanatia woga: mtu akikumbuka bei aliyolipa hungoja sentensi inayostahili karatasi hiyo, na wiki zinapita bila neno. Kwa anayetaka kuandika kila siku, mwaka hadi mwaka, hakuna daftari tunaloliamini kuliko kaunta buku ya kwaya 3, ile ile ambayo mwenye duka anaandikia madeni na mwanafunzi wa chuo ananakilia mihadhara.

Kwaya moja ni kurasa 96. Kwa hiyo kwaya 2 ni kurasa 192, kwaya 3 ni 288, na kwaya 4 ni 384, zote za ukubwa wa A4. Mwandiko wa wastani huingiza maneno 8 hivi kwenye mstari, na ukurasa wenye mistari 30 unabeba maneno kama 240. Ukiandika upande wa kulia tu, kwaya 3 inakupa takribani maneno 34,500. Ukiandika pande zote mbili, 69,000. Hapo ndipo uzuri wake ulipo kwa mwandishi wa riwaya: rasimu ya riwaya fupi inaingia ndani ya jalada moja, na unene wa kurasa zilizokwisha kuandikwa unauona kwa macho na kuushika kwa vidole. Kwaya 4 inavutia, lakini karatasi zake peke yake, zikiwa za gramu 60 kwa mita ya mraba, zina uzito wa zaidi ya gramu 700 kabla hujahesabu jalada. Daftari zito huachwa nyumbani, na daftari lililoachwa nyumbani haliandikwi kwenye foleni ya benki. Kwaya 2 inafaa hadithi fupi na mashairi.

Kabla ya kulipa, fungua kaunta katikati ya fungu lolote la karatasi utafute uzi. Nzuri imeshonwa: karatasi zimekunjwa kwa mafungu, kila fungu limepitishiwa uzi, kisha mgongo ukapakwa gundi na kuzungushiwa kitambaa. Itazame pia kwa juu, penye mgongo. Ukiona mikunjo iliyopangana, imeshonwa. Ukiona karatasi moja moja zimesimama ndani ya gundi, irudishe rafuni. Ya gundi tupu huanza kuachia kurasa za katikati mapema, na kwenye joto na unyevu wa pwani huachia mapema zaidi. Mwombe muuzaji ujaribu peni kwenye ukurasa wa mwisho, kisha geuza uone kama wino umetokeza upande wa pili.

Ukifika nayo nyumbani usiikunje kwa nguvu, mgongo utavunjika. Isimamishe kwa mgongo juu ya meza, laza jalada zote mbili, halafu laza karatasi chache za mbele na chache za nyuma kwa zamu, ukizikandamiza polepole karibu na mshono, mpaka ufike katikati. Ni kazi ya dakika tano, na baada ya hapo daftari linalala bapa bila kushikiliwa kwa kiwiko.

Kosa linaloharibu kaunta nyingi ni kuchana kurasa. Katika daftari la kushonwa, kila karatasi ina mwenzake upande wa pili wa uzi, kwa sababu zote mbili ni karatasi moja iliyokunjwa. Ukichana ukurasa wa 12 kwa kuwa umeuchukia, karatasi pacha iliyo mbele zaidi inabaki imening'inia na itatoka siku yoyote, pengine ikiwa na aya bora kuliko zote. Zaidi ya hapo, anayechana amejifunza tabia mbaya kwa mwandishi, ya kuhukumu rasimu siku ile ile aliyoiandika. Piga mstari mmoja juu ya usichokitaka, kiendelee kusomeka, uendelee mbele. Wiki tatu baadaye utagundua kwamba nusu ya ulivyovikata vilikuwa sawa.

Matumizi tunayoyapendekeza ni haya. Andika namba kwenye kila ukurasa kwa mkono tangu siku ya kwanza, kuanzia 1 hadi 288, na uache kurasa 4 za mwanzo kwa ajili ya yaliyomo. Rasimu ikae kulia. Kushoto ni mahali pa majina ya wahusika, umri wao, nani ana deni kwa nani, masahihisho, na mambo ya kuhakikisha. Wanaojaza pande zote tangu mwanzo huokoa pesa kidogo na kupoteza mengi: masahihisho yanabanwa pembezoni kwa mwandiko ambao mwenyewe hawezi kuusoma baada ya mwezi. Chini ya kila ukurasa weka tarehe. Ukishindwa kuandika siku mbili, usirudishe tarehe nyuma. Acha pengo lionekane. Mwandishi anayedumu anaijua kasi yake ya kweli, na tarehe hizo ndizo zinazomwambia kama anaandika ukurasa kwa siku au ukurasa kwa wiki.

Ukurasa mmoja wa kulia kwa siku unatosha. Kwa kipimo hicho kwaya 3 inaisha kwa miezi mitano pungufu kidogo, na mtu mwenye kazi na watoto anaweza kukitimiza kabla nyumba haijaamka. Anayejiwekea kurasa tano kwa kawaida huzipata siku za mwanzo, kisha akakosa siku moja, akajiona ana deni la kurasa kumi, akaacha kabisa. Unapomaliza ukurasa, ongeza mstari mmoja upande wa kushoto kueleza kinachofuata: "Mama anarudi, anakuta mlango umefungwa." Kesho hutaanza kwa kuukodolea macho ukurasa mweupe.

Kuhusu peni, karatasi hii nyepesi haipatani na wino wa jeli, unaopenya na kuchafua ukurasa wa nyuma. Peni ya kawaida ya kichwa cha kipira ndiyo yenyewe. Bic Cristal, inayouzwa tangu mwaka 1950, ina kipira cha milimita 1 na tundu dogo ubavuni linaloingiza hewa ili wino ushuke vizuri; usilizibe kwa selotepu. Chagua wino mweusi, kwa kuwa unasomeka vizuri zaidi kwenye picha utakazopiga kwa simu. Mahali penye joto, kiganja huacha jasho na mafuta kwenye karatasi na peni inaruka herufi. Dawa yake ni kipande cha karatasi ya ziada chini ya mkono, unachokisogeza kadiri unavyoshuka.

Kasoro kubwa ya kaunta ni kwamba nakala iko moja tu. Kila Ijumaa au Jumapili piga picha kurasa za wiki kwa simu, namba ya ukurasa ikionekana, na uzitume kwenye barua pepe yako mwenyewe. Kaunta yenyewe usiiweke sakafuni wala usiiegemeze ukutani, mchwa hupitia huko huko. Tena wachapishaji wanataka muswada uliochapwa, kwa hiyo maneno yote hayo yatapita kwenye kompyuta. Wengine huona ni kazi mara mbili. Sisi tunaiona ndiyo rasimu ya pili: mkono unaochapa hukataa wenyewe kurudia sentensi dhaifu, na wahusika waliobadilika majina kati ya ukurasa wa 40 na wa 90 hujulikana. Usianze kuchapa kabla rasimu haijafika mwisho, la sivyo utazunguka kwenye sura ya kwanza mpaka uichoke.

Zikibaki kurasa 30, nunua nyingine ya kiwanda kile kile na mistari ile ile, ili hesabu yako ya maneno kwa ukurasa isibadilike katikati ya kazi.