Ricoh GR III kwa picha za mtaani: inaliweza soko, vumbi linaiweza

Ukiingia soko la Mwanjelwa, Mbeya, na lenzi ndefu shingoni, muuza mitumba anaacha kupanga nguo na kukuuliza umetumwa na gazeti gani. Ricoh GR III, kamera ndogo iliyoingia sokoni 2019, haiamshi maswali hayo. Ina gramu 257 pamoja na betri na kadi, inajificha kiganjani, na shata yake karibu haisikiki. Humo ndani kuna sensa ya APS-C ya megapikseli 24, saizi ileile ya kamera nyingi kubwa za kubadilisha lenzi.

Hata hivyo, sababu hasa ya kuinunua ni fokasi ya Snap. Unaipangia umbali mapema: mita 1, 1.5, 2, 2.5, 5 na kadhalika. Washa Full Press Snap kwenye menyu. Ukibonyeza kitufe hadi chini kwa mkupuo mmoja, inapiga kwa umbali huo bila kutafuta fokasi. Kwa f/8 (tundu la lenzi likiwa dogo; namba ya f ikipanda, tundu hupungua na eneo kali huongezeka) na mita 2.5, kila kitu kuanzia kama mita 1.2 hadi mlima Loleza kule nyuma kinatoka kikali vya kutosha. Mita 2.5 ni karibu urefu wa bajaji, na ndipo pa kujizoeza kukadiria: bajaji moja kati yako na mama wa viazi, naye kwa fremu ya mlalo anaingia mzima, kuanzia kandambili hadi kilemba. (Shikamoo itangulie. Kamera kuwa ndogo si ruhusa.)

Mpangilio unaofaa kuhifadhiwa kwenye U1 (nafasi ya mipangilio yako kwenye gurudumu): Av (wewe unachagua f, kamera inachagua shata), f/8, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) ya otomatiki isiyozidi 6400, shata isishuke chini ya 1/500. Juani ISO itakaa kati ya 100 na 200. Chini ya maturubai itapanda hadi 1600 na kuendelea. Hapo rudi f/5.6 na mita 2, utapata ukali kuanzia mita 1.2 hadi kama 6, nazo kwenye vichochoro vya soko zinatosha. Nyuma ya mtu pakiwa na mabati mapya, mwanga unaidanganya kamera na uso unatoka giza. Ongeza mwangaza +0.7 na upige DNG, yaani faili ghafi.

Ubaya wake unaanza kiangazi, Juni hadi Oktoba, pale eneo la Kabwe, hapohapo Mbeya, linapotimka vumbi. Kamera hii haina viziba vya vumbi, na lenzi hutoka kila ukiiwasha na kurudi ukiizima, ikivuta hewa na kilichomo. Lenzi haifunguki, kwa hiyo punje ikishatua kwenye sensa huwezi kuifikia. Menyu ina kitendo cha kuitikisa sensa, ambacho hung'oa punje nyepesi tu. Na hapa ndipo panapouma: kwa f/2.8 doa halionekani, ila f/8 ileile inayoifanya Snap iwe tamu ndiyo inayolianika, hasa angani. Ibebe kwenye mfuko wa zipu, kamwe si mfuko wa suruali wenye nyuzi na makombo, na usiwashe-zima hovyo daladala likipita.

Betri ni ya picha 200 hivi, na baridi ya Julai huipunguza zaidi. Beba mbili za akiba mfuko wa ndani, karibu na mwili. Pawabenki ya USB-C nayo inaichaji. Flashi haina, kioo hakikunjuki, na saa sita mchana utaona uso wako kuliko picha. Ndugu yake GR IIIx, yenye lenzi inayoona finyu zaidi (sawa na milimita 40), ni nzuri kwa nyuso, lakini Mwanjelwa utakosa pa kurudi nyuma.

Ukinunua iliyotumika, weka f/16 na upige mara mbili: ukuta mweupe, kisha anga. Vidoa vikikaa palepale kwenye picha zote mbili, shusha bei au ondoka.