Uzi wa krosheti wa huku Kibuye, Kisumu: laini, lakini rangi!

Jamani huu uzi niliutoa kwa kaduka kamoja karibu na soko la Kibuye, nikashona heksagoni (pembe sita) mbili kubwa, ile unakunja moja inakuwa nusu ya sweta na mkono wake, halafu unaziunganisha mgongoni basi, na kusema ukweli ni laini, haukwaruzi shingo. Shida ni rangi. Roli ya pili ya maruni si kama ya kwanza, sasa mkono mmoja unakaa umefuliwa mara kumi, na muuzaji ananiambia eti ni mwanga! Uzi uliobaki nikamshonea mamangu vitambaa vya sofa, vipande vidogo vidogo vya pembe sita, hapo rangi kuchanganyika inapendeza hata. Nitarudi tu, ila roli zote nachukua siku moja na nazitoa nje kwa jua kwanza.