Praima ya Kununua kwa Vyuma vya Pawatila na Mashine za Shamba

Rangi ya mashine ikibanduka mapema, lawama huiangukia rangi ya juu, ilhali mara nyingi tatizo liko chini yake. Watu huingia dukani wakaomba "praima ya chuma", yaani rangi ya kwanza inayopakwa kwenye chuma kabla ya rangi ya juu, wakapewa kopo jekundu, wakalipa. Kabla hujauliza bei, jua mambo mawili: chuma chako ni cha aina gani, na juu yake utapaka rangi gani.

Huu ndio mpangilio wangu kwa anayekarabati pawatila (trekta dogo la kuongozwa kwa mikono), tela au mashine ya kupukuchua mahindi.

1. Epoksi ya makopo mawili

Hii naiweka juu bila kusita. Dizeli, grisi, mbolea na matope ya majaruba haviichezei kirahisi, na inashika vizuri mno kwenye chuma kilichosafishwa. Unachanganya rangi na hadena (kigumisho kilicho kwenye kopo la pili) kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Hadena ikizidi au ikipungua, praima haikomai sawasawa. Changanya ya kutosha kazi ya muda huo tu, maana ikishachanganywa itaganda koponi, na joto la mchana linaiharakisha. Angalia pia muda wa kupaka rangi ya juu. Ukipita, uso wa epoksi unakuwa mgumu kama kioo na rangi inayofuata haipati pa kushika, kwa hiyo piga msasa kwanza. Wala usiiache wazi juani, itatoa unga.

2. Redi oksaidi ya mafuta

Bei nafuu, inapakwa kwa brashi, na inavumilia chuma kilichosuguliwa kwa mkono. Kwa fremu ya tela au jembe inatosha kabisa. Ukipata yenye zinki fosfeti, ongeza hela uichukue, kwa sababu inapunguza kasi ya kutu. Redi oksaidi ya kawaida kazi yake ni kukinga maji tu. Isiguse mabati: mafuta yaliyomo humenyuka na zinki iliyo juu ya bati, na baadaye rangi yote inabanduka vipande vipande. Juu yake paka rangi ya mafuta. Ukipuliza rangi ya magari yenye thina kali, praima inavimba na kukunjamana mbele ya macho yako.

3. Praima ya asidi

Nunua hii kama una madigadi ya mabati au kifuniko cha aluminiamu. Asidi ya fosforiki iliyomo inang'ata uso laini ambao praima nyingine zinateleza. Puliza tabaka jembamba, chuma kiendelee kuonekana kidogo chini yake. Haifai juu ya kutu wala rangi ya zamani, na usiifuatishie epoksi moja kwa moja isipokuwa kopo linaruhusu, kwani asidi inaweza kuizuia hadena kufanya kazi.

4. Praima ya zinki

Ni bora kwa madaraja na meli, lakini zinki lazima iguse chuma kitupu ndipo ioze badala ya chuma. Hiyo inataka chuma kilichopigwa mchanga kwa kompresa. Kama una brashi ya waya tu, pesa yako inapotea.

Yoyote utakayochagua, osha grisi kabla ya msasa, maana msasa huisambaza. Pwani, ondoa pia chumvi kwa kuosha na maji yasiyo na chumvi, uache chuma kikauke. Usipake asubuhi chuma kikiwa na umande. Kisha pitisha brashi kwenye kingo, vichwa vya bolti na mishono ya kuchomelea kabla ya kupuliza sehemu pana: rangi hukimbia kingo, na kutu huanzia hapo. Funika kwa tepu nyuzi za bolti, nipo za grisi (vichwa vidogo vya kuingizia grisi) na sehemu zinapokaa beringi.

Bomba la moshi usilinunulie praima yoyote kati ya hizi, zote zitaungua. Chukua rangi ya joto kali yenye silikoni, paka nyembamba juu ya chuma kisafi, halafu washa injini kidogo kidogo. Rangi hiyo inakomaa kwa joto la bomba lenyewe.